Jifunze Diodi Bila Kuchomwa na Umeme

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama unayetunza nyumba, na ninyi vijana wa kambi munaosoma ukurasa huu, leo tunataka kuzungumza juu ya kitu kidogo kuliko punje ya muhindi. Jina lake ni diodi. Utaikuta ndani ya sharjeri ya telefoni, ndani ya radio, ndani ya ampuli za kisasa zisizokula umeme mwingi. Ndugu zake wakubwa utawakuta ndani ya mashini zinazolisha elektrolizi ya shaba.

Swali letu ni hili: kijana anayetaka kujua kazi ya diodi aanzie wapi? Watu wengi wanajibu: "Afungue sharjeri ya zamani, aone ndani." Sisi tunasema hapana. Aanzie ndani ya ordinatere au telefoni, kwa njia inayoitwa simulasio. Unachora muzunguko wa umeme, programu inapiga hesabu, nawe unaona umeme unavyopita. Kosa likitokea pale, hakuna mutu wa kupelekwa hospitali.

Lakini tunaongeza jambo la pili, ambalo wenye kusifu ordinatere wanalisahau. Programu inatii kila kitu unachoiandikia, hata makosa yako. Asiyejua kuiuliza vizuri atapata jibu safi lenye hatari ndani yake. Kwa hiyo, tafadhali, soma mpaka mwisho.

Kitu kidogo, kazi kubwa

Diodi ni mulango wa njia moja. Mufanyakazi wa pompi anaifahamu kazi hiyo hata kama si fundi wa umeme. Ndani ya bomba kuna klape inayoacha maji yapande, na pompi ikisimama klape inajifunga ili maji yasirudi chini. Diodi inafanya vile vile kwa umeme. Umeme ukitoka upande wa anodi kwenda upande wa katodi, unapita. Ukitaka kurudi, unazuiwa. Ku upande wa katodi kiwanda kinaweka alama ya mustari, ili fundi asikosee.

Mulango huu unatoza ushuru. Diodi ya kawaida ya silisiumu inakula karibu volti 0,7 umeme unapopita. Ushuru huo unageuka moto, ndiyo sababu diodi inayobeba umeme mwingi inachoma kidole.

Kwa nini tunahitaji mulango wa namna hii? Kwa sababu umeme unaofika nyumbani kwa nyaya hauendi njia moja. Unakwenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Ampuli ya zamani yenye uzi haijali. Batri inajali sana, kwa kuwa umeme ukiijaza kwenda na kuimwaga kurudi, haitajaa kamwe.

Shaba yetu nayo inajali. Pale Shituru, Likasi, na pale Luilu, Kolwezi, elektrolizi inataka umeme wa njia moja, ili shaba iliyoyeyuka ndani ya maji ya asidi ishikamane na bamba la katodi. Na wazee wanaikumbuka laini kubwa ya Inga-Shaba iliyoanza kazi mwaka 1982. Urefu wake ni karibu kilometa 1700, na umeme unaopita ndani yake ni wa njia moja. Ku Inga unanyooshwa, ku Kolwezi unarudishwa kuwa wa kwenda na kurudi. Kazi hiyo inafanywa na tiristori, ndugu ya diodi: mulango wa njia moja wenye ufunguo wa kuufungua kwa saa inayotakiwa.

Basi mutoto wa mufanyakazi akitaka kujua diodi, anataka kujua kitu cha kweli, kinachomulisha yeye na wazazi wake. Tusimukatishe moyo. Tumuonyeshe njia ya salama.

Kuchomoa si kumaliza

Tuangalie kile kinachotokea ndani ya nyumba nyingi. Televizio imekufa. Kijana anachukua tournevis ya baba yake, anaifungua, anaingiza vidole. Mama akipiga kelele, kijana anajibu: "Usiogope, nimeichomoa." Ndugu, kuchomoa si kumaliza.

Umeme wa volti 220 haubaki ku 220. Namba hiyo inaonyesha kiasi cha kazi unayoweza kufanya. Kila mara unapokwenda na kurudi, kilele chake kinafika karibu volti 311, ndio kusema 220 mara 1,414. Ndani ya mashini nyingi za kisasa, diodi nne zinaupokea umeme huo, zinaunyoosha, na zinajaza kitu kinachoitwa kondensata. Kondensata ni kama tangi. Inashika karibu volti 310 za njia moja. Ukichomoa waya, tangi halimwagiki kwa sababu hiyo. Linaweza kukaa limejaa, na mukono wa kwanza kuligusa ndio unaokuwa bomba la kulimwaga.

Ndani ya sharjeri ndogo ya telefoni tangi hilo ni dogo. Ndani ya televizio au sanduku la ordinatere ni kubwa zaidi. Yote mawili si ya mutoto kugusa.

Hapo ndipo simulasio inapotusaidia. Kijana anaweza kujaza tangi hilo mara mia, kulimwaga mara mia, kukosea mara mia, na jioni akala ugali na vidole vyake vyote kumi.

Programu zenyewe

Simulasio ya mizunguko si muchezo wa juzi. Ku chuo kikuu cha Berkeley, California, Laurence Nagel na mwalimu wake Donald Pederson walitangaza mwaka 1973 programu inayoitwa SPICE. Wahandisi waliitumia kupima muzunguko kwa hesabu mbele ya kuujenga. Programu nyingi za leo ni wana na wajukuu wa ile. Mumoja wao ni LTspice, isiyolipiwa, inayofanya kazi ndani ya ordinatere. Kwa mwenye telefoni tu, kuna programu ya Paul Falstad. Hiyo inaonyesha umeme kama vitone vya manjano vinavyotembea ndani ya waya. Kwa anayeanza, ni nzuri sana, kwa maana anaona kwa macho yake vitone vinavyosimama vikifika ku diodi iliyogeuzwa.

Masomo manne

Tunashauri masomo manne, moja kwa juma. Kwa kila somo kuna sheria moja ambayo ni kubwa kuliko programu yenyewe: andika kwanza ku karatasi jibu unalolitegemea, kisha ndipo uanzishe mashini. Asiyeandika kwanza anaangalia picha kama mutu anayeangalia sinema. Hatajua siku mashini inapomudanganya.

Somo la kwanza: taa ndogo. Chukua batri ya volti 12 na diodi ya mwangaza mwekundu, ile inayoitwa LED. Hiyo inakula karibu volti 2. Zinabaki 10. Ukiweka rezistansi ya omu 680, piga hesabu: 10 kugawanya kwa 680 ni karibu ampere 0,015. Sasa anzisha mashini, uone kama inakubali. Kisha ondoa rezistansi. Namba ya ampere itaruka juu sana. Ku meza ya kweli, taa ingekufa kwa kufumba na kufumbua. Ndani ya picha inaendelea kuwaka. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Somo la pili: kunyoosha umeme. Chora transfo inayotoa volti 12. Weka diodi moja, uone nusu ya umeme inavyokatwa. Weka diodi nne kwa namna ya daraja, uone nusu iliyopotea inavyorudishwa. Ongeza kondensata. Kilele cha volti 12 ni karibu 17. Daraja linatoza ushuru wa diodi mbili, ndio 1,4. Kwa hiyo utegemee karibu volti 15,6. Kisha weka kazi ya nusu ampere na kondensata ya mikrofaradi 2200, uone umeme unavyotikisika, karibu volti 2 juu na chini. Punguza kondensata, mutikisiko unaongezeka. Hapo kijana anaelewa kwa nini radio inanguruma kondensata yake ikizeeka.

Somo la tatu: mushindo wa kurudi. Diodi ina mpaka. Ile inayoandikwa 1N4001 inaweza kuzuia volti 50 tu. Ndugu yake 1N4007 inazuia volti 1000. Zote mbili zinabeba ampere 1, na kwa macho zinafanana kama mapacha. Sasa chora transfo ya volti 24 na diodi moja na kondensata. Kijana atasema: "24 ni chini ya 50, hakuna shida." Mwambie apime volti ndani ya diodi yenyewe wakati inapozuia. Kilele cha 24 ni 34. Kondensata upande mumoja inashika 34, transfo upande wa pili inavuta 34 kwa njia ya kinyume. Jumla 68. Diodi ya 50 imepitwa.

Somo la nne: tangi lililojaa. Chora kondensata ya mikrofaradi 100 yenye volti 311. Weka rezistansi ya omu 100000 ya kuimwaga. Uliza: baada ya sekunde 10 zinabaki volti ngapi? Karibu 114. Baada ya sekunde 50? Karibu 2. Sasa weka rezistansi ya omu milioni moja. Baada ya dakika nzima bado kuna volti 170. Dakika nzima! Kijana anayesema "nimechomoa" hajangoja hata sekunde tano.

Kama kijana atasahau masomo matatu ya kwanza na kushika hili la nne tu, simulasio imekwisha kulipa gharama yake.

Mashini inavyoweza kukudanganya

Sasa tunafika ku jambo la pili. Tulisema programu inatii. Sikiliza namna inavyotii.

Ndani ya LTspice, herufi M ikiwekwa nyuma ya namba haina maana ya milioni. Maana yake ni sehemu moja ya elfu, ukiiandika kubwa au ndogo. Milioni inaandikwa Meg. Basi kijana anafanya somo la nne. Anataka omu milioni moja, anaandika 1M kama alivyozoea shuleni. Programu inaelewa sehemu moja ya elfu ya omu, ambayo ni sawa na kipande cha waya. Kondensata inamwagika mara moja ku picha. Kijana anasema: "Kumbe hakuna hatari, tangi linakauka pale pale!" Naye anakwenda kufungua televizio. Ile ya kweli bado ina volti 170.

Umeona, ndugu? Mashini haikuvunjika. Ilijibu swali iliyoulizwa. Swali ndilo lilikuwa baya.

Ndiyo sababu tunashikilia karatasi. Kwa somo hili hesabu ni fupi: zidisha omu kwa faradi, unapata sekunde. Milioni moja ya omu kwa mikrofaradi 100 ni sekunde 100. Kila sekunde 100 zinapopita, inabaki kidogo zaidi ya theluthi ya volti zilizokuwapo. Kijana aliyeandika "sekunde 100" ku karatasi, akiona tangi limekauka mara moja, atasimama na kusema: "Kuna kosa mahali." Mutu anayesimama namna hiyo ataishi muda murefu ndani ya kazi ya umeme.

Mitego mingine ni hii.

Alama ya desimali. Sisi tumefundishwa kuandika 0,7. Programu hizi zinataka nukta: 0.7. Ukiweka alama yetu, unaweza kupata namba usiyoitaka.

Kilele. Ukichora umeme wa kwenda na kurudi ndani ya LTspice, namba inayotakiwa ni ya kilele. Kwa transfo ya volti 12 unaandika 17. Ukiandika 12, mahesabu yako yote yatakuwa madogo kuliko ukweli, na vitu utakavyonunua vitakuwa vidogo kuliko kazi.

Diodi isiyo na jina. Diodi ambayo programu inakupa pale unapoanza haina mpaka wa volti. Inazuia 68, inazuia elfu kumi, haichoki. Somo la tatu linapita bila kelele. Chagua diodi yenye jina, na hata hivyo soma karatasi ya kiwanda chake.

Moto. Hili ndilo kubwa. Ndani ya programu hizo rezistansi na diodi haziungui. Kondensata iliyogeuzwa haipasuki. Ile rezistansi ya omu 100000 ikiwekwa ku volti 311 inapokea karibu wati moja. Ukinunua ndogo ya robo wati, itaungua, na programu haitakuambia neno. Hakuna harufu ndani ya ordinatere. Kwa hiyo kwa kila kitu unachochora, zidisha volti zake kwa ampere zake, upate wati, uulize: kitu hiki kinavumilia wati ngapi?

Wazee wanasema nini?

Kuna mafundi wazee, tunawaheshimu, wanaosema: "Umeme unajifunza kwa mukono. Sisi tulipigwa, tukajua." Tunawajibu kwa heshima. Baba, ni kweli mukono unajua mambo ambayo ordinatere haijui. Mukono unajua uzito wa waya mubaya, unajua kuchomelea vizuri, pua inajua harufu ya transfo inayochoka. Mambo hayo simulasio haitayafundisha kamwe, na tunawaomba mutufundishie vijana. Lakini aliyepigwa na umeme akabaki ndiye anayesimulia. Aliyepigwa akaanguka hayupo ku baraza kutupa ushauri wake. Kupigwa hakumufundishi mutu kuwa kilele cha 220 ni 311. Kunamufundisha woga tu, na woga bila akili unasahauliwa upesi.

Wengine wanasema: "Vitu hivyo ni vya wenye pesa. Sisi ordinatere tutaitoa wapi?" Swali hilo ni la haki. Si kila nyumba ina ordinatere, na umeme unakatika. Lakini telefoni moja ya kisasa inatosha kwa masomo haya, na vijana watano wanaweza kuizunguka. Mumoja anachora, wanne wanaandika majibu ku karatasi. Mwenye jibu la kweli ndiye anashika telefoni kwa somo linalofuata. Hesabu ya karatasi ndiyo sehemu kubwa ya kazi, na karatasi tunayo.

Na kuna vijana wanaosema: "Nimemaliza masomo yote ndani ya telefoni, sasa mimi ni fundi." Hapana, mwanangu. Umemaliza kusoma ramani. Njia yenyewe hujaitembea.

Kutoka ku picha mpaka ku meza

Tunapendekeza njia hii. Baada ya juma nne za picha, kijana ajenge kwa mikono somo la kwanza tu, kwa batri ndogo ya volti 9, akiwa na mukubwa karibu. Apime kwa multimetre, alinganishe na karatasi yake na na picha. Namba tatu hizo hazitakuwa sawa kabisa, na kutafuta sababu ndiyo shule yenyewe. Kisha, siku nyingine, batri ya volti 12 kwa uangalifu: batri kubwa ya gari haimupigi mutu kwa volti zake, lakini waya wake zikigusana inaweza kuyeyusha chuma, na ikisharjiwa inatoa gazi linaloweza kulipuka. Hakuna sigara, hakuna mushumaa karibu nayo.

Umeme wa 220 hauingii ndani ya masomo haya. Uko wa fundi aliyefundishwa na kuruhusiwa.

Kwa wewe ndugu wa karakana, neno moja pia. Hata ukiwa umechora muzunguko wote wa redresere ndani ya ordinatere na ukauona mwema, picha hiyo haikupi ruhusa ya kufungua kabati. Sheria ya kazi inabaki: kata umeme, funga kwa kufuli lako, weka kibao chenye jina lako, mwaga kondensata kwa chombo kinachotakiwa, pima kwa chombo unachokijua ni kizima, kisha ndipo uguse. Simulasio inatengeneza akili yako mbele ya kazi. Kufuli ndilo linalinda mwili wako wakati wa kazi.

Kwa mama na baba

Mama, pengine unasema mambo haya ya volti na ampere si yako. Ni yako. Wewe ndiwe uko nyumbani wakati sanduku la televizio linafunguliwa. Mutoto akikuambia anajifunza umeme ndani ya telefoni, usimufukuze, wala usimwache tu. Muulize maswali matatu: "Uliandika jibu gani mbele ya kuanza? Mashini imesema nini? Kama ingekuwa ya kweli, kitu gani kingeungua?" Huhitaji kujua majibu. Mutoto akishindwa la kwanza, anacheza. Akishindwa la tatu, bado ni hatari kwake kushika tournevis.

Baba, vyombo vyako vya kazi visibaki ku meza. Na televizio iliyokufa isiwe zawadi ya mutoto.

Na ikiwa, Mungu apishe mbali, mutu ameshikwa na umeme, usimuguse. Kata umeme kwanza ku kompteri au ku disjonkteri. Kama huwezi kuukata ku umeme wa nyumbani, musukume mbali na waya kwa muti mukavu, ukisimama pakavu. Ukiona nyaya kubwa za laini, kaa mbali kabisa na uite wenye kazi. Akiwa huru na hapumui, itisha musaada na uanze mara moja kumufanyia yale uliyofundishwa ku somo la musaada wa kwanza. Na hata akisimama akasema "mimi muzima", mupeleke hospitali, kwa maana moyo unaweza kuvurugika nyuma.

Ya kukumbuka

Andika jibu lako kwanza, kisha uliza mashini.

Ndani ya LTspice, milioni ni Meg. M ni sehemu ya elfu.

Kwa kila diodi pima mambo matatu: ampere inapopita, volti inapozuia, wati inazokula.

Kuchomoa si kumaliza: kondensata inashika umeme.

Picha ni ya akili, batri ndogo ni ya mukono, 220 ni ya fundi mwenye ruhusa.

Ndugu, nchi yetu inatoa shaba inayobeba umeme wa dunia. Itakuwa aibu wana wetu wasijue umeme unavyotembea ndani ya shaba hiyo, na itakuwa msiba wakijua kwa kuanguka. Jioni hii, baada ya chakula, muite kijana wako. Mupe karatasi na kalamu, kisha telefoni. Muanze na taa moja nyekundu na omu 680.